Mnaocheka "One of My Friend", Njooni Kijiweni

Shikamooni wazee, habari zenu vijana. Nimeamkia kwanza ili nikisonya asije mtu akadhani nawasonya ninyi. Msonyo wangu wa leo una wenyewe, na wenyewe wanajijua: wale wanaokaa wakivizia Kiingereza cha mwenzao kiteleze.

Tabia hii imeshamiri mjini. Kijana anasimama mbele za watu, anaeleza jambo lake kwa Kiingereza alichokitolea jasho, anafika mahali anatamka "one of my friend". Basi, habari yake imekwisha! Huyu anamkonyeza yule, yule anabana kicheko, mwingine ameshawasha simu anarekodi. Jioni klipu inazunguka magrupu yote, na hakuna anayekumbuka kijana alikuwa anaeleza nini. Hoja nzima inatupwa jalalani kwa sababu nomino moja imekosa "s".

Mdogo wake fundi simu wetu yamemkuta hayohayo kwenye usaili wa kazi. Kasomea ununuzi na ugavi, kazi ya ghala anaijua. Akaambiwa ajieleze, akasema "one of my friend", wasaili wakatazamana wakacheka. Toka hapo ulimi ukawa mzito, hata alichokuwa anakijua kikamtoka.

Nilipolisimulia hilo kijiweni, kijana wetu wa bodaboda akaniuliza, "Lakini kaka, si alikosea kweli?" Alikosea, mdogo wangu, sikatai. Kiingereza kinataka "one of my friends". Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kosa lile ni ujinga. Kosa lile lina akili ndani yake, na cha kulirekebisha ni Kiswahili chetu, hikihiki ambacho watoto wanaambiwa wakiache nje ya lango la shule.

Tulichambue taratibu. Kwa Kiswahili tunasema "mmoja wa rafiki zangu". Wingi umekaa wapi hapo? Neno "rafiki" halikutikisika. Awe mmoja, wawe kumi, wengi wetu tunasema rafiki. Wingi umepanda kwenye "zangu". Sema "moja ya nyumba zake": nyumba imebaki nyumba, wingi uko kwenye "zake". Sema "moja ya changamoto zetu": ni yaleyale. Sasa mtu aliyezoea kuuweka wingi kwenye "zangu" na "zetu" anavuka kwenda kwenye Kiingereza, anakuta "my" na "our" hazibadiliki kamwe. Rafiki mmoja ni "my friend", rafiki kumi ni "my friends". Kule wingi unakaa kwenye nomino yenyewe tu. Msemaji wetu ameuacha pale ambapo lugha yake huuweka, na Kiingereza hakina nafasi hiyo. Ndivyo "one of my friend" inavyozaliwa. Huyo ni mtu anayefuata kanuni, isipokuwa kanuni aliyoifuata ni ya nyumbani kwao.

Na dawa iko nyumbani kwao pia. Badilisha nomino. Acha rafiki, chukua mchezaji. Kuna mtu hapa kijiweni anaweza kusema "mmoja wa mchezaji"? Hata mtoto wa chekechea atakukatalia. Mmoja hutolewa miongoni mwa wengi, kwa hiyo sharti wengi wawepo: "mmoja wa wachezaji", "one of the players". "Kimoja cha vyumba", "one of the rooms". Kila unapofika kwenye "one of", weka kichwani mchezaji, kitabu, mti, neno lolote linalogeuka sura likiwa wingi, nawe utaiona "s" inadai nafasi yake.

Mzee wa bao akainua uso. "Hilo limeniingia. Lakini wanangu wakiandika barua za kazi hugombana kwa 'is' na 'are'. Huyu anasema moja, huyu anasema nyingi, na wote wamesoma." Shikamoo tena mzee wangu, hapo umegusa kidonda.

Chukua bei ya nyanya. Utasikia mtu anasema "the price of tomatoes have gone up". Masikio yake yamesikia "tomatoes", nyanya nyingi, akazipa kitenzi cha wingi. Lakini kilichopanda ni nini? Nyanya zimepanda mti? Kilichopanda ni bei, na bei ni moja: "the price of tomatoes has gone up". Kwa Kiswahili hakuna anayekosea hapo. Tunasema "bei ya nyanya imepanda", na anayesema "bei ya nyanya zimepanda" tutamwona ametoka usingizini. "Sanduku la vitabu limeanguka." "Orodha ya majina imebandikwa." "Mzigo wa magunia umefika." Mpeni mtoto wa darasa la pili sentensi ya sanduku, mwambieni aseme "vimeanguka". Atawacheka ninyi, na safari hiyo kicheko kitakuwa halali.

Kumbe kanuni ambayo watu wanaililia kwenye Kiingereza tunaibeba mdomoni tangu tukiwa watoto. Nomino inayotangulia ndiyo mwenye nyumba. Hiyo inayokuja baada ya "of" ni mpangaji. Mpangaji anaweza kuwa na kelele, anaweza kuwa na watoto kumi, lakini ukija kununua jengo unamtafuta mwenye nyumba. Kitenzi nacho hufanya hivyo. Kinapita mbele ya mpangaji aliye jirani nacho, kinamfuata mwenye jengo.

Tena sisi tumesaidiwa sana na ngeli. Kiswahili hakikiachi kitenzi kihisi-hisi. "Li" ya "limeanguka" inalitaja sanduku, "vi" ingevitaja vitabu, na sikio linakamata tofauti papo hapo. Kiingereza kina "has" na "have", "is" na "are", na "s" moja nyembamba mwishoni mwa kitenzi cha wakati uliopo. Vitenzi vyake vingi vikienda wakati uliopita havionyeshi umoja wala wingi kabisa: "the box fell", "the boxes fell". Lugha yenye alama chache namna hiyo inamwachia msemaji azishike mwenyewe kichwani, na kichwa cha binadamu kinachoka.

Sasa wenye kucheka sogeeni karibu, hili ni lenu. Wenye lugha yenyewe wanateleza palepale. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Kathryn Bock na Carol Miller, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili hasa. Waliwasikilizisha wazungumzaji wa Kiingereza mwanzo wa sentensi, kisha wakawataka waurudie na kuimalizia wenyewe. Mfano uliopata umaarufu kutokana na kazi yao ni ule wa ufunguo mmoja wa makabati mengi, "the key to the cabinets". Watu waliozaliwa ndani ya lugha hiyo walijikuta wakiendelea na "were", wakati ufunguo ni mmoja. Waliona pia kwamba kuteleza hutokea zaidi pale nomino kuu inapokuwa ya umoja na ile ya pili ikawa ya wingi. Ukigeuza, funguo nyingi za kabati moja, makosa yanakuwa machache mno. Wingi ndio wenye nguvu ya kuvuta. Tangu hapo wataalamu wameona mvuto kama huo katika Kihispania, Kiitaliano na lugha nyingine kadhaa.

Kina Randolph Quirk nao, katika sarufi yao kubwa ya Kiingereza ya mwaka 1985 yenye kurasa zaidi ya 1,700, walilipa jambo hili nafasi yake: kitenzi kupatana na nomino iliyo jirani badala ya ile kuu. Kitu kinachojadiliwa kwenye kitabu cha uzito huo hakiwezi kuwa aibu ya mtoto wa hapa kwetu Temeke peke yake.

Mnataka mkubwa zaidi? Haya, Shakespeare mwenyewe. Ndani ya Julius Caesar, kabla ya vita vya Philippi, Cassius anamrushia Antony maneno kuhusu namna ya mapigo yake. Namna ni moja, mapigo ni mengi, na kitenzi kimekwenda na mapigo. Tamthilia hiyo ndiyo aliyoifasiri Mwalimu Nyerere kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1963, kisha akairekebisha ikatoka tena 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Shakespeare anasomwa duniani kote na hakuna aliyemnyima kazi kwa sentensi ile. Kijana wetu anatamka kosa la ukoo uleule, anarudishwa nyumbani. Nasonya jamani! Acheni nisonye.

Simaanishi kila kitu cha Kiingereza kinafuata nyayo za Kiswahili. Pako mahali pa kuachana, na mwalimu mwema anapaswa kupaonyesha kwa kidole. Wakala wetu wa forodha, anayeshinda bandarini, analijua hili kwa tabu. Shehena nyingi zina hati ya meli, "bill of lading". Hati zikiwa tano je? Amewahi kuona watu wakiandika "bill of ladings", "s" imetupwa mwishoni kama mkia. Sahihi ni "bills of lading", kwa sababu zilizozidi ni hati. "Letters of credit" za benki ni vivyo hivyo, "certificates of origin" vivyo hivyo, na bungeni wabunge wakisimama kuomba mwongozo mmoja baada ya mwingine hizo ni "points of order". Mama mkwe akiwa zaidi ya mmoja ni "mothers-in-law". Wapita njia ni "passers-by". Timu zilizoshika nafasi ya pili misimu mbalimbali ni "runners-up", mashabiki mlioko hapa msikilize vizuri.

Hapo ndipo Kiswahili kinaweza kumpoteza mtu, maana sisi tuna ukarimu wa wingi. Mkuu wa mkoa tukiwa nao wengi ni wakuu wa mikoa; tumeongeza wakuu, tumeongeza na mikoa. Mwenyekiti akipata wenzake wanakuwa wenyeviti, mtu ameongezeka na kiti kimeongezeka. Kiingereza mara nyingi kinaongeza mbele tu na nyuma kinapaacha: "heads of state", ingawa marais ni wengi na nchi zao ni nyingi. Mswahili anayeandika "heads of states" amekuwa mkarimu kuliko lugha anayoiandika. Mwelezeni hivyo, ataelewa kwa dakika moja na hatasahau.

Halafu kuna vifupisho, vyenye kuchanganya kweli. Wabunge ni "Members of Parliament", "s" iko mbele. Wafupishe, wanakuwa "MPs", "s" imekimbilia nyuma. Kifupisho kimeshakuwa neno moja, na neno moja hupokea wingi mwishoni. Ndiyo maana hata ua liitwalo "forget-me-not" likiwa mengi ni "forget-me-nots": hamna nomino kuu ndani yake ya kubeba wingi, kwa hiyo jina zima linachukuliwa kama donge.

Mjomba muuza kahawa, ambaye kumbe alikuwa anasikiliza huku anamimina, akatia neno: "Mbona nasikia redioni 'a number of people are'? Number ni moja, people ni wengi. Mwenye nyumba wako ameshindwa hapo." Swali zuri mno, na jibu lake limo kwenye Kiswahili chake mwenyewe. Mjomba, wewe unasemaje: "baadhi ya watu imesema" au "baadhi ya watu wamesema"? Wamesema. Na je, "idadi ya watu wameongezeka" au "idadi ya watu imeongezeka"? Imeongezeka. Basi umeshamaliza. "A number of people" ni baadhi ya watu, watu kadhaa, na kitenzi kinawafuata watu. "The number of people" ni idadi, na kitenzi kinaifuata idadi: "the number of people has increased". Wanafunzi wanakesha kukariri tofauti hii, na mjomba ameitoa akiwa na birika mkononi.

Nusu na asilimia ni hivyohivyo. "Nusu ya ng'ombe wamekufa": "half of the cows have died". "Asilimia 60 ya wanafunzi wamefaulu": "60 percent of the students have passed". Neno la kugawa halina uzito wa peke yake, linaazima uzito wa kile kinachogawanywa. Ukisitasita kwenye Kiingereza, itamke kwa Kiswahili ulichokulia, usikilize kitenzi kimemwendea nani.

Na sasa niwape ile inayonifurahisha kuliko zote. "Mmoja wa wachezaji walioumia amerudi uwanjani." Tazama kazi inayofanyika hapo. "Walioumia" ni wingi, kwa sababu walioumia ni wachezaji. "Amerudi" ni umoja, kwa sababu aliyerudi ni mmoja. Vitenzi viwili, kila kimoja kimekwenda kwa mtu wake bila kugongana. Kiingereza kinataka vilevile: "one of the players who were injured has returned". Wazungumzaji wengi wa Kiingereza, waliosoma na wasiosoma, huweka "was" hapo kwenye "were", na wanasarufi wao wamebishana juu yake miaka na miaka. Mpenzi wa mpira wa hapa Temeke anaisema sentensi hiyo kwa usahihi kila Jumatatu asubuhi, akiwa hajui kwamba amefanya jambo kubwa.

Tena kuna mahali Kiswahili kinakiacha Kiingereza nyuma. Sema "the keys to the rooms that are in the yard". Kilichopo uani ni nini, funguo au vyumba? Kiingereza kimekaa kimya, itabidi uulize. Kiswahili kinakujibu kabla hujauliza. "Funguo za vyumba zilizopo uani", basi funguo ndizo zipo uani. "Funguo za vyumba vilivyopo uani", basi vyumba ndivyo vipo uani. Vipande viwili vidogo, "zi" na "vi", vimeondoa ubishi ambao ungeweza kuwapeleka mpangaji na mwenye nyumba kwa mjumbe. Hii ndiyo lugha ambayo mtoto anaambiwa inamharibia akili ya Kiingereza.

Hasira yangu inatoka hapo. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, ameeleza jinsi shuleni Kenya enzi za ukoloni mtoto aliyekutwa akizungumza Kigikuyu alivyochapwa, au kuvishwa shingoni kibao cha chuma chenye maneno ya kumdhalilisha. Wakoloni wameondoka, lakini ile fikra kwamba lugha ya nyumbani ni adui wa Kiingereza imebaki imekaa kwenye kiti. Kwetu Tanzania mtoto wa shule ya kawaida ya serikali anasoma msingi kwa Kiswahili, akiingia Kidato cha Kwanza masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza. Miaka yote ya ngeli na upatanisho aliyoibeba inawekwa pembeni kana kwamba hakufundishwa kitu. Anaanzishwa upya, anapewa kanuni ya nomino na kitenzi kwa Kiingereza asichokielewa bado, anaikariri, anaikosea, anachekwa. Wakati kanuni yenyewe alikuja nayo kutoka kwa mama yake.

Mwalimu wangu, najua madarasa yamejaa na mishahara haijai. Ninachokuomba hakina gharama. Siku ya kufundisha "the box of books", andika ubaoni "sanduku la vitabu limeanguka", uwaulize watoto nani kaanguka. Watakujibu kwa sauti moja. Kisha andika ya Kiingereza chini yake, neno kwa neno, waone kanuni ile ile imevaa nguo nyingine. Siku ya "one of my friends", waonyeshe wapi wingi wa "zangu" umehamia. Siku ya "heads of state", waonyeshe ukarimu wetu unapopaswa kujizuia. Mtoto akijua kwa nini alikosea, halirudii kosa, na haogopi kunyanyua mkono kesho.

Mzazi unayempigia mwanao makofi kwa kusema Kiingereza na kumkunjia uso kwa kusema Kiswahili, mwanao anapanda ngazi na wewe unang'oa vipago vya chini.

Na ninyi mnaofanya usaili, mnaorekodi klipu, mnaocheka kwa pua. Mtu akisema "one of my friend", mmeelewa alichosema. Mmeelewa kwamba rafiki ni mmoja kati ya wengi. Msikilizeni mpaka mwisho, mpimeni kwa kazi anayoiombea, na kama mnaona "s" ni muhimu kwa kazi hiyo, mwambieni faraghani kwa heshima, kama mtu mzima anavyomwambia mtu mzima mwenzake. Mkishindwa hilo, basi nanyi semeni hapa mbele ya wazee: ufunguo wa makabati "is" au "are", na kwa nini? Asiyeweza kueleza kwa nini hana ruhusa ya kucheka. Anayeweza kueleza atafundisha, kwa kuwa kufundisha ndiyo kazi ya anayejua.